Hereni Nilizozipima kwa Sumaku

Wanaosema uzee unapunguza hasira hawajawahi kuniona asubuhi. Naamka nayo, naivaa pamoja na suruali. Mke wangu akiniuliza nimeamkaje namjibu salama, naye kwa kuwa ananijua ananiacha nipige mswaki kwanza ndipo aniletee chai. Hasira hiyo ina sababu moja, nayo ni sikio la kushoto la mjukuu wangu, ambalo leo halina nyama yake ya chini. Nataka kueleza lilivyopotea. Hapa Tunduma habari hii inasimuliwa kwa namna nyingi na zote zinanihurumia. Wapo wanaosema ni bahati mbaya. Wapo wanaosema mtoto ana damu chafu. Wapo wanaosema ni mkono wa mtu, ndugu wa baba yake waliochukia mama kurudi kwao. Huo wote ni upuuzi. Mkono upo, ndiyo, lakini ni wangu.

Nimenunua vyuma chakavu katika mji huu tangu nilipotoka Isansa nikiwa kijana, na cheti cha kidato cha nne mfukoni na dharau nyingi kichwani kwa kahawa ya baba yangu. Yadi yangu iko pembeni ya barabara kuu, mahali ambapo malori yanayotoka Zambia hupunguza mwendo. Vijana huleta magunia: rejeta, bomba, koki, mota zilizoungua, nyaya, sufuria zisizo na makalio. Kila kitu kinachoingia kinakutana kwanza na sumaku, niliyoitoa kwenye spika kubwa ya redio mbovu na kuifunga kamba. Sumaku ikishika, hicho ni chuma, kitupe kule. Isiposhika, hapo ndipo tunaanza kuongea: ni kopa, yaani shaba, ni brasi, ni alminiamu. Katika kazi yetu kisichoshika sumaku ndicho kizuri. "Haijashika, mali safi," ndivyo tunavyosema, na tumesema hivyo miaka mingi kiasi kwamba neno "safi" lilisahau maana yake nyingine.

Ujuzi huo ulitoka nje ya yadi. Majirani waliniletea saa, pete za ndoa, vijiko vya zawadi. Mtu akitaka kujua kama shemeji yake kamdanganya, anakuja kwangu. Nazungusha sumaku juu ya pete, kimya, kama daktari anayesikiliza kifua, kisha natamka. Waliniita mwalimu wa vyuma, nami sikukataa. Shuleni nilikuwa nimekariri ile chati ya elementi iliyobandikwa ukutani, na mpaka leo naweza kukuambia kwamba nikeli na shaba zinakaa bega kwa bega. Lakini sikuwahi kujiuliza nikeli ikiingia katika nyama ya mtu inafanya nini. Nilikariri majirani bila kujua tabia zao.

Na shaba yenyewe, sisi wa mpakani tuna imani nayo kupita kiasi. Wenzetu wa ng'ambo wanaiita mukuba, inapita mbele ya macho yetu kila siku juu ya malori, ikimeta, na mtu akiiona inasafirishwa kwa ulinzi namna ile anadhani lazima ina uwezo fulani. Nusu ya wazee wa hapa wamevaa bangili ya shaba kwa ajili ya viungo. Mimi pia nilivaa. Akina mama waliokuja yadi na watoto mgongoni waliniomba kipande kidogo cha waya, nami niliwapindia kipete cha sikio kwa koleo, bure, kwa furaha. "Hii ni dawa yenyewe," niliwaambia. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Nikadhani ni kwa sababu zilifaa.

Mjukuu wangu alikuja kwetu na mama yake, binti yangu wa mwisho, ndoa ilipovunjika. Walitoka huko bondeni Momba, ambako baba wa mtoto anafuga na kulima, na anasali katika kanisa lisilotaka mwanamke avae hata kipini. Kwa hiyo mtoto huyu wa kike alifika Tunduma na masikio yasiyotogwa, na kichwa kilichonyolewa kama wanafunzi wote. Wasichana wa mtaani hawakumpa hata wiki ya kupumua.

"We kaka! Njoo udake mpira!"

"Kaka, umekosea, choo cha wavulana ni kile!"

Mwanzoni alicheka nao. Aliwajibu, "Kaka yenu ndiyo, nisalimieni." Halafu akaacha kujibu, halafu akaacha kutoka. Alikuwa anakaa jikoni na bibi yake akichambua maharage ambayo tayari yalikuwa yamechambuliwa. Siku ya kwanza ya likizo alisema, bila kuinua macho, "Bibi, nitoge."

"Tena leo hii, mke mwenzangu," mke wangu akamjibu. "Sindano ipo, uzi wa pamba upo. Tutaweka kijiti cha ufagio, tundu likishapona utavaa unachotaka."

"Hakuna ufagio kwenye sikio la mtu," nikasema kutoka mlangoni.

"Wewe nani kakuita?"

"Dada yangu alitogwa hivyo hivyo kule Isansa. Kijiti kilioza ndani ya sikio, na sikio likanywea kama uyoga. Unamkumbuka au humkumbuki?"

"Namkumbuka. Kijiti hakikuchemshwa. Mimi nachemsha."

"Unachemsha ufagio! Mtoto huyu atatogwa sokoni, kwa mashine, na hereni nitazichagua mimi. Vyuma navijua."

Mke wangu akageukia sufuria yake. "Haya, mwalimu," alisema. Nami nikasikia heshima pale ambapo hakukuwa na heshima yoyote.

Niseme wazi kwamba nilikuwa na sababu ya kuukataa ufagio. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Ningekuwa mjinga mtupu ningejisamehe. Nilijua kwamba kitu kinachoingia kwenye kidonda kibichi kinaweza kumharibu mtu, nilishaliona kwa dada yangu, na bado nikatembea kwenda sokoni na sumaku mfukoni.

Meza ya urembo ilikuwa ya binti mmoja mwenye kucha ndefu za bandia na mdomo usiochoka. Hereni zilikuwa zimechomekwa kwenye vikadi, mamia, zikimeremeta chini ya taa ndogo aliyoiwasha mchana kweupe.

"Karibu babu! Unamtafutia bibi?"

"Namtafutia huyu."

"Kipenzi! Za kuchovya au stenlesi?"

"Za kweli."

"Zote za kweli, babu, hapa hatuuzi za ndoto."

Nikatoa sumaku. Wauzaji wa meza za jirani wakapiga kelele. "Haa! Babu kaja na maabara!" Mmoja akasema nimpime na mume wake. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi kuonwa. Nikapitisha sumaku juu ya kikadi baada ya kikadi, na kila iliyotikisika niliisukuma pembeni kwa kidole, kama mtu anayefukuza inzi. Zikabaki jozi chache, na kati yake moja ya rangi ya dhahabu yenye kijiwe chekundu. Mjukuu wangu aliiona nami nikaona ameiona.

"Hizi hazijashika," nikamwambia muuzaji.

"Basi hizo hizo."

"Ni dhahabu?"

"Babu, umepima mwenyewe halafu uniulize mimi?"

Mtoto alinivuta shati. "Babu, hizi ni nzuri kweli?" Hakuwa anauliza kuhusu uzuri wa macho, alikuwa anauliza kama ni salama. Nilimjibu, "Mali safi."

Binti akaleta kile kibunduki cha kutogea, cha plastiki. Alikifuta kwa pamba yenye spiriti, akaweka hereni kwenye mdomo wa kibunduki, akabana. Kilitoa mlio kama wa stepla ya ofisini. Mjukuu wangu alikishika kidole changu na kukikunja mpaka nikauma meno, lakini hakulia. Sikio la pili pia hakulia. Tulirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita mbele ya wasichana wa mtaani, na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Kaka kawa dada." Nilitembea kifua mbele kama ni mimi niliyemuumba.

Masikio yakaanza kuwa mekundu. Kisha yakaanza kutoa maji mepesi yaliyokauka na kufanya ukoko kuzunguka hereni. Mtoto alijikuna. Nilimgombeza. Nilisema ni vidole vyake vichafu, ni sabuni ya bibi yake, ni mto anaolalia, ni vumbi la barabarani. Kila kitu ndani ya nyumba yangu kilishtakiwa isipokuwa zile hereni.

"Zitoe," mke wangu alisema.

"Tundu litaziba. Ateseke mara mbili?"

Binti yangu anapika chakula kwenye maegesho ya malori, hutoka nyumbani kabla ya jua na kurudi miguu imevimba. Naye alisema, "Baba, huyu mtoto analala anajikuna."

"Kidonda kikipona kinawasha. Hujui hilo?"

"Najua, baba. Lakini kinachopona hakinuki."

Nilijibu nini? Nilijibu kwamba ameanza kunifundisha kazi. Alikuwa amechoka, akaenda kuoga.

Kesho yake, mama akiwa kazini, nilimwita mtoto uani, nikazitoa hereni. Vijiti vyake havikuwa na rangi ya dhahabu tena. Rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake kulikuwa na kitu cha kijivu. Mtu yeyote mwenye akili angeziangalia zile hereni, angeliangalia lile sikio, na angempandisha mtoto kwenye bajaji. Mimi nilikasirika kwa sababu nimeuziwa kitu cha kuchovya. Nilikasirika kama mfanyabiashara aliyeibiwa. Nikasema, sawa, wao wana uongo wao, mimi nina shaba halisi.

Nilichukua waya wa mota. Niliuchoma motoni kuondoa ile rangi ya juu, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, nikaufuta kwa kitambaa. Nikapinda vipete viwili. Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye msiba wa jirani. Natamani angekuwepo, ingawa siwezi kusema kwamba ningemsikiliza.

"Babu, hii ndiyo dawa?"

"Ndiyo dawa. Unaiona bangili yangu? Kiwiko hiki kilikuwa hakikunjiki."

Aliniamini. Alifumba macho, akashika ukingo wa stuli kwa mikono miwili, nami nikapitisha waya kwenye kidonda, kulia na kushoto, nikafunga ncha kwa koleo. Safari hii alilia. Nilimwambia ajikaze. Nilimpa soda.

Sitayapamba yaliyofuata. Masikio yalifanya rangi ya kijani kuzunguka waya, nami nikamwambia bibi yake kwamba huo ni uchafu unaotoka. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa, na lako limeshakufa siku nyingi," akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Aliosha, akaosha tena. Lakini la kushoto lilikuwa limevimba mpaka waya ukazama ndani ya nyama, hauonekani, na mahali nilipofunga ncha palikuwa pamezibwa na uvimbe kabisa. Mtoto akaacha kula. Mwili ukawa wa moto.

Binti yangu, ambaye siku zote hizo aliondoka na kurudi mtoto amelala gizani, alimkuta hivyo alfajiri alipotaka kumuaga kabla ya kwenda kazini. Alimgeuza kichwa kwenye mwanga wa simu. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Baba," alisema. "Umemfunga mwanangu waya?"

Nilisema, "Ni shaba."

"Umemfunga waya. Kama mzigo."

Hakupiga kelele. Angepiga ningeweza kupiga za kwangu. Alimfunga mtoto kanga, akatoka, na bibi yake akatoka nyuma yake. Nilipofika barabarani walikuwa wameshapanda gari, nikajisukuma ndani, hakuna aliyenikaribisha. Kituo cha afya kilitutazama na kutuelekeza Mbeya. Njia nzima mtoto alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, sikio bovu juu. Tulipopita Nanyala alifungua macho akaniona, akayafumba. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kama sikio litapona au halitapona, na kila tuta la barabara nililichukia kama adui.

Daktari alikuwa mtu wa umri wa kati, mwenye sauti ya kuchoka.

"Nani ameweka hivi?"

"Mimi."

"Wewe ni nani kwake?"

"Babu yake."

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Nanunua skrepa."

"Basi hapa si yadi," alisema, na akamwomba muuguzi anitoe nje.

Alikata waya, akafungua jipu, akaondoa nyama iliyokwisha kufa. Alipotoka alizungumza na binti yangu, na mimi nikiwa nimesimama nyuma kama karani. La kulia litapona, alisema. La kushoto, upande wa chini, haahidi. Tungoje. Tulingoja wodini, na siku walipobadilisha bandeji nikaona. Sikio lilikuwa linaishia njiani. Pale ambapo watu wana kile kinyama laini wanachokivuta wakiwa wanawaza, yeye ana pindo la kovu.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Nilitaka anitukane vizuri, lakini alikuwa na foleni, kwa hiyo alinieleza haraka haraka huku akitembea. Hereni nyingi za rangi ya dhahabu na fedha zinazouzwa mezani zina nikeli, ama ndani ama chini ya rangi, alisema, na watu wengi miili yao inagombana nayo, hasa ikikaa kwenye kidonda kibichi. Rangi ya kuchovya inabanduka, nikeli inabaki inagusa nyama. Shaba na brasi kwenye kidonda zinayeyuka kidogo kidogo kwenye majimaji ya mwili, ile kijani siyo uchafu unaotoka, ni sumu inayoingia. Hata fedha halisi haifai kwa tundu jipya. Kwa tundu jipya unaweka titani, au kile chuma cha pua wanachotumia kuunga mifupa, au dhahabu yenyewe ya karati nyingi, ya mwili mzima, si ya kuchovya. Kiwe laini, kisicho na mikwaruzo. Atogwe kwa sindano mpya iliyotakaswa, si kwa kibunduki kinachoponda nyama na kisichochemshika. Na usaha ukitokea, mtoto aletwe hospitali, asiletewe koleo.

"Daktari," nikasema, "nilizipima kwa sumaku."

Akasimama. "Ikasemaje?"

"Haikushika."

"Shaba inashika sumaku? Brasi inashika?"

"Haishiki."

"Na nikeli ikichanganywa na shaba?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimenunua koki za namna hiyo maisha yangu yote. "Haishiki."

"Basi, mzee. Sumaku inakuambia kama sumaku inashika. Haikuambii kingine." Akaingia chumba kingine.

Niliporudi Tunduma sikwenda nyumbani. Nilikwenda sokoni moja kwa moja, na vumbi la safari. Yule binti alikuwa palepale, chini ya taa yake.

"Babu! Mjukuu kazipenda?"

Nilimpigia kelele. Siwezi kuandika yote niliyoyasema, mengine niliyasema kwa Kinyiha ili yaume zaidi, ingawa yeye si Mnyiha. Nilisema ameuza sumu. Nilisema mtoto amekatwa sikio. Soko likasogea karibu.

"Sikio limekatwa?" akauliza. Uso wake ulibadilika, nakiri. Halafu akajikaza. "Babu, nilikuambia ni dhahabu?"

"Ulisema za kweli!"

"Kila mtu hapa anasema za kweli. Wewe ulikuja na sumaku yako, ukachagua mwenyewe, mimi ningesema nini? Tena siku ile nilikuuliza, za kuchovya au stenlesi. Hukunijibu."

Ilikuwa kweli. Kwa hiyo nikaisukuma meza. Vikadi vikaruka, hereni zikatawanyika kwenye vumbi, zingine zikaingia mtaroni. Watu wakasema, "Aaa, mzee, mzee!" kwa ile sauti wanayotumia kwa walevi.

"Okota," binti alisema. "Okota zote, babu. Mimi sina mzee wa kuniokotea."

Nikapiga magoti nikaokota. Nilikuwa bado chini, na hereni kiganjani, nilipoona miguu ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa anangoja nimalize ili achague.

"Mama," nikamwambia kutoka pale chini, "usinunue. Ya mtoto? Usinunue hizi."

"Kwani zina nini, mzee?"

"Zina nikeli. Zinaozesha masikio."

"Hizi nazipima," akasema kwa upole. Akafungua kipochi chake na kutoa kisumaku kidogo cheusi, kile cha kubandika kwenye friji. "Haishiki, unaona? Ndivyo wanavyofanya wote. Ni mzee mmoja wa skrepa aliwafundisha watu."

Niliinuka kwa kushika mguu wa meza. Nilimweleza. Nilimweleza yote, habari za koki, habari za Mbeya, habari za waya. Nilieleza kwa sauti kubwa mno na kwa haraka mno, na mate yakinitoka, na alama za magoti kwenye suruali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mzee wangu, pole sana," kisha akainamia meza na kisumaku chake, na mtoto wake mgongoni akinitazama kwa macho makubwa, na masikio mawili mazima.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini hakuna mama aliyewahi kurudi yadi kulalamika kuhusu vipete vyangu. Walikuwa wanafanya kama nilivyofanya mimi. Walikuwa wanalaumu sabuni, vumbi, mto, vidole vya mtoto, damu ya mtoto. Mwalimu wa vyuma hawezi kukosea. Ni watoto wangapi? Sijui, na sitajua, na wengine sasa ni watu wazima wanaonisalimia shikamoo barabarani.

Yadi bado naendesha, sina kazi nyingine. Mama akija na mtoto mgongoni na kuomba kipande cha waya, namfukuza. Sisemi kwa upole. Wamenipa jina baya kwa hilo, wanasema mzee amekuwa mchoyo, waya kidogo tu anaunyima. Wengine wanakaa kunisikiliza, nami nawaambia ya daktari, neno kwa neno: titani, chuma cha kuunga mifupa, dhahabu ya mwili mzima, sindano mpya. Wengi wanauliza vitapatikana wapi hivyo hapa Tunduma. Nawajibu kwamba kama havipatikani, basi mtoto akae na masikio yake kama alivyozaliwa, hakuna aliyekufa kwa kukosa hereni. Nikishasema hivyo namkumbuka mtoto aliyekaa jikoni akichambua maharage yaliyochambuliwa, na hasira inanirudia upya, kwa sababu najua si rahisi hivyo.

Sikio la kulia lilipona kabisa na tundu likaziba. Muda mrefu ulipita. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuachwa zikue, kwa kuwa alihamia shule isiyonyoa, akawa anazivuta upande wa kushoto. Siku moja alimwambia mama yake kwamba anataka kutogwa tena, sikio lile moja. Nilitegemea binti yangu akatae. Akasema, "Tutauliza daktari." Waliuliza. Wakaelekezwa kwa mtu huko Mbeya anayetoga kwa sindano na kuweka titani.

Mimi nikaona nafasi yangu. Kule wilaya ya Songwe wanachimba dhahabu, ninao watu wanaoniheshimu, na sonara ninayemwamini. Nikatengenezesha kipini kidogo cha dhahabu ya mwili mzima, safari hii nikipimisha kwa wanaojua kupima. Nikamletea kwenye kitambaa.

Alikifungua, akakitazama, akakikunja tena.

"Asante, babu."

"Ni ya kweli. Nimeuliza. Haina nikeli, sonara..."

"Najua, babu. Sitaki kutoka kwako."

Alisema kwa adabu, na mikono miwili akinirudishia kile kitambaa, kama mtu anavyompa mkubwa kitu. Bibi yake alikuwa pale, hakunitetea. Hakukuwa na cha kutetea.

"Basi nitawasindikiza," nikasema.

"Hapana, babu. Wewe baki."

Wakaenda, mama na mwana. Nilibaki nikizunguka uani, nikigombana na kuku. Waliporudi alipita mlangoni nikaliona: kitufe kidogo cha kijivu, kisichometa, ambacho siku ile sokoni ningekiita msumari. Sikio lilikuwa tulivu. Lilikuwa na wekundu kidogo, basi. Nikasogea na tochi ya simu.

"Usilishike," akasema.

"Silishiki."

"Wala usilikaribie na tochi."

"Silikaribii."

Ameambiwa alioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni, na mtu aoshe mikono kwanza. Bibi yake ndiye anayemwosha. Jioni ya pili bibi alichelewa ibadani, nami nikawasha jiko bila kuulizwa. Nilichemsha maji, nikatia chumvi kama nilivyosikia wakielezana, nikayaacha yapoe kwenye kikombe safi kilichofunikwa. Niliosha mikono mpaka kwenye viwiko. Nikampelekea pale alipokaa, na kioo kidogo mapajani.

Alikitazama kikombe. Akanitazama mikono.

"Umechemsha?"

"Yamechemka."

"Weka hapo, babu, halafu uende."

Nikaweka, nikaenda.